Majina ya Wauzbeki: Dua ya Wazazi, Mhuri wa Dola

Januari 2025 klabu ya Manchester City ilimsajili beki kijana kutoka Lens ya Ufaransa, akawa Muuzbeki wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya England. Mgongoni mwa jezi yake pameandikwa Khusanov. Mashabiki wengi walilipokea kama jina la Kirusi, na hawakukosea kabisa, kwa kuwa mkia wake ni wa Kirusi kweli. Lakini ukiukata mkia huo unabaki na Husan, ambalo ni Huseni, jina la mjukuu wa Mtume. Jina lake la kwanza ni Abduqodir, yaani Abdulkadiri yuleyule unayeweza kumkuta Tanga, Lamu au Bujumbura.

Jina moja la mchezaji, basi, limebeba dini ya mababu, mapenzi ya wazazi na alama ya dola iliyowahi kuitawala nchi yake. Ndivyo yalivyo majina mengi ya Uzbekistan. Anayeyajua kuyasoma hupata humo historia ya Asia ya Kati ambayo mara nyingi haimo katika vitabu vya shule.

Uzbekistan ni nchi isiyo na bahari, yenye watu zaidi ya milioni 35. Mji mkuu wake ni Tashkent, na miji yake ya kale, Samarqand, Bukhara na Khiva, ilikuwa vituo vya Njia ya Hariri iliyounganisha China na nchi za Magharibi. Misafara ya ngamia ilipita hapo na vitambaa, karatasi na viungo, na majeshi nayo yalipita. Kila waliopita waliacha majina.

Tabaka la kwanza ni la Kituruki, kwa kuwa Kiuzbeki ni lugha ya ukoo huo. Majina ya tabaka hili hutokana na vitu vya maisha ya nyikani, anga na vita. Temur ni chuma. Yulduz ni nyota. Botir ni shujaa, To'lqin ni wimbi, Erkin ni mtu huru. Tosh ni jiwe, na neno hilo limo pia katika jina la Tashkent, mji wa mawe. Mtoto aliyeitwa Toshpo'lat amepewa jiwe na feleji kwa pamoja, na mzazi hakuwa na njia iliyo wazi zaidi ya kumwombea mwanawe mwili usiovunjika.

Tabaka la pili ni la Kiajemi, lugha iliyokuwa ya mashairi na ya ofisi za wafalme kwa karne nyingi. Hapa majina hulainika. Neno *gul*, ua, huzaa Gulnora, ua la mkomamanga, na Gulchehra, mwenye uso kama ua. Neno *dil*, moyo, huzaa Dilshod, moyo wenye furaha. Lola ni ua jekundu linalochanua kwenye vilima vya nchi hiyo baridi inapokwisha. *Sher* ni simba, ndiyo maana kuna Sherzod, mwana wa simba, na Alisher, jina lililobebwa na Alisher Navoiy (1441–1501), mshairi anayehesabiwa kuwa baba wa fasihi ya Kiuzbeki. Rustam na Jamshid walitoka katika hekaya za mashujaa na wafalme wa Uajemi, wakaingia katika nyumba za wakulima wa pamba wa bonde la Fergana.

Tabaka la tatu ni la Kiarabu, lililokuja na Uislamu katika karne ya 7 na ya 8. Hapa msomaji wa Kiswahili atajiona yuko nyumbani, ila tu asikilize vizuri, kwa sababu Kiuzbeki huigeuza *a* ndefu kuwa *o*. Fatma huwa Fotima. Aisha huwa Oysha. Uthmani huwa Usmon, na Islam huwa Islom. Mwimbaji mashuhuri Yulduz Usmonova ana nyota ya Kituruki katika jina la kwanza na Uthmani wa Kiarabu katika la pili, na mwisho mkia wa Kirusi unaoonyesha kuwa ni mwanamke.

Matabaka haya hayakukaa mbalimbali. Bingwa wa dunia wa sataranji ya haraka wa mwaka 2021, aliyetwaa taji akiwa na miaka 17, anaitwa Nodirbek Abdusattorov. *Nodir* ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu adimu, shina lilelile la neno letu *nadra*. *Bek* ni cheo cha Kituruki cha bwana au kiongozi. Abdusattor ni mja wa Mwenye kusitiri, kwa Kiarabu tena, na *-ov* ya mwisho ni mkia wa Kirusi. Lugha tatu zimekutana katika saini moja.

Majina yanayogusa moyo zaidi, hata hivyo, ni yale yaliyozaliwa na hofu. Zamani watoto wengi wa Asia ya Kati walikufa wakiwa wachanga, na wazazi waliofiwa mara kwa mara walitumia jina kama kinga. Walimwita mwana Tursun, yaani na abaki. Wengine walichagua To'xtasin, na akome hapa, asiende. Wengine walisema waziwazi kabisa: O'lmas, asiyekufa. Umrzoq ni mwenye umri mrefu. Kila mara mama alipomwita mwanawe aje kula, aliirudia dua ileile.

Kulikuwa na njia ya ndani zaidi. Familia iliyozika watoto kadhaa ilimkabidhi mtoto mchanga kwa jirani au jamaa, wakati mwingine kwa kumpitishia dirishani, kisha ikamnunua kwa kitu kidogo. Mtoto huyo aliitwa Sotiboldi au Sotvoldi, yaani amenunuliwa. Walioamini mila hiyo walisema kwamba jicho baya na viumbe vinavyodhuru watoto vingedanganyika, vikidhani huyu si mtoto wa nyumba ile iliyoandamwa na mauti. Wengine walimpa mtoto jina la kitu duni, kama Supurgi, yaani ufagio, ili asionekane kuwa na thamani ya kuchukuliwa.

Zana nazo zilitumika. Bolta ni shoka, Tesha ni tezo, O'roq ni mundu. Husimuliwa kwamba kitovu cha mtoto kilikatwa kwa chombo hicho, au kilihesabiwa kuwa kimekatwa kwacho, ili ukali wa chuma uyakate maradhi. Mtoto aliyezaliwa na jino aliitwa Bo'ri, mbwa mwitu, mnyama aliyetukuzwa na makabila ya Kituruki tangu enzi za kabla ya Uislamu.

Mwili wa mtoto ulisomwa kama ukurasa. Aliyezaliwa na baka jekundu alipewa jina lenye *nor* au *anor*, komamanga: Normurod, Norboy, Anora. Mwenye doa dogo jeusi alipewa *xol*, kama Xolmurod. Mwenye kidole cha ziada aliitwa Ortiq, yaani kilichozidi. Jambo ambalo kwingine lingefichwa, hapa lilitangazwa na kugeuzwa kuwa baraka, nalo likageuka jina la heshima.

Mapacha hawakuhitaji mjadala mrefu. Wavulana wawili ni Hasan na Husan, wasichana wawili ni Fotima na Zuhra. Wakizaliwa mvulana na msichana, majina huchanganywa: Hasan na Zuhra, au Fotima na Husan. Hivyo mtu akijulishwa kwa Husan, hukisia kwamba mahali fulani pana Hasan au Fotima. Jina la ukoo la Khusanov linaonyesha kuwa katika mlolongo wa mababu alikuwapo mtu aliyeitwa Husan, na huenda alikuwa pacha.

Kalenda ilitoa majina mengi kama inavyotoa Pwani ya Afrika Mashariki, na kwa sababu ileile ya dini. Aliyezaliwa Ijumaa ni Juma au Jumaboy. Wapo Rajab, Sha'bon, Ramazon na Safar, kwa majina ya miezi ya Kiislamu. Aliyezaliwa siku ya Idi ni Hayit, ndugu wa jina wa kina Idi wa kwetu. Wauzbeki wana pia Navro'z, jina la sikukuu ya mwaka mpya wa Kiajemi inayoangukia Machi 21. Sikukuu hiyo ina mizizi mirefu, na hata Zanzibar, watu wa Makunduchi wanapoadhimisha Mwaka Kogwa, wapo wanaoita siku hiyo Nairuzi.

Si majina yote ya kinga au ya kalenda yaliyokuwa na upole kwa wasichana. Familia iliyopata mabinti mfululizo huku ikitamani mvulana ilimwita binti wa mwisho O'g'iloy, jina linaloanza na neno la mwana wa kiume, au Kifoya, inatosha. Binti alikua akibeba katika jina lake shauku ya watu waliomngoja mwingine. Ni sehemu ya historia ya majina haya, na haifai kupambwa.

Jina lenyewe huchaguliwa na wazazi, lakini mara nyingi sauti ya babu na bibi ndiyo inayotangulia. Mzee wa familia au imamu humwadhinia mtoto sikioni na kumtajia jina lake. Baadaye hufuata *beshik to'yi*, sherehe ya kumlaza mtoto katika kitanda cha mbao cha kubembea, ambamo ndugu wa upande wa mama huleta zawadi.

Mtoto akishakuwa na jina, watu hawalitamki hivihivi. Mvulana huongezewa *-jon*, neno la Kiajemi la roho au kipenzi: Anvar huwa Anvarjon. Msichana huongezewa *-xon* au *-oy*, yaani mwezi. Majina ya wavulana hubeba pia *-bek*, *-boy*, tajiri, *-berdi*, ametoa, kama Xudoyberdi, Mungu ametoa, na *-qul*, mja. Familia zinazojinasibisha na kizazi cha Mtume, kama masharifu wa Pwani, huweka Sayid mwanzoni au *-xo'ja* mwishoni. Kumwita mkubwa kwa jina tupu ni ukosefu wa adabu. Mwanamume aliyekuzidi umri ni Anvar aka, kaka Anvar, na mwanamke ni Gulnora opa, dada Gulnora, hata kama hamna undugu.

Wakuu wa historia walipitia mkondo uohuo. Amir Temur (1336–1405), aliyejenga himaya yake Samarqand, alipata kilema mguuni, Waajemi wakamwita Temur-i Lang, Temur kiwete. Watu wa Ulaya waliligeuza kuwa Tamerlane na kulitumia kwa karne nyingi, kiasi kwamba wasomaji wao wengi hawajui kuwa wanataja kilema cha mtu. Mjukuu wake alipewa jina la Muhammad Tarag'ay, lakini dunia inamjua kwa lakabu ya Ulug'bek, bwana mkuu. Alijenga kituo cha kutazama nyota Samarqand katika miaka ya 1420, na orodha yake ya nyota 1,018 iliwafaa wanafalaki kwa vizazi vingi.

Majina ya ukoo je? Kwa muda mrefu hayakuwapo kwa maana ya leo. Mtu alitambulishwa kwa baba yake kwa maneno *o'g'li*, mwana wa, na *qizi*, binti wa. Wasomi walitambulishwa kwa mji wao, kwa kuongeza *-iy*, na hapa Waislamu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakitaja ramani ya Uzbekistan bila kujua. Imamu Bukhari (810–870), ambaye mkusanyo wake wa hadithi husomwa misikitini kwetu, anaitwa hivyo kwa sababu alizaliwa Bukhara. Tirmidhi ni mtu wa Termez, mji wa kusini mwa nchi hiyo kando ya mto Amu Darya. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa karne ya 9, jina lake linatokana na Khorazm, eneo la mji wa Khiva, na kutoka katika jina hilo ulimwengu wa kompyuta ulipata neno algorithimu.

Majeshi ya Urusi yaliiteka Tashkent mwaka 1865, na miaka miwili baadaye likaundwa jimbo la Turkestan chini ya gavana wa Kirusi. Makarani wa utawala mpya walihitaji orodha, na orodha zao zilitaka majina ya ukoo. Walichukua jina la baba au babu na kuliongezea *-ov*, au *-yev* pale lilipoishia kwa irabu. Karim alizaa Karimov, na Abdulla akazaa Abdullayev. Mwanamke aliongezewa *-a*: Karimova, Abdullayeva. Mwanzoni waliopata mikia hiyo walikuwa hasa watu wenye shughuli na serikali. Baada ya Jamhuri ya Kisovieti ya Uzbekistan kuundwa mwaka 1924, shule, jeshi na karatasi za serikali viliifikisha kwa kila mtu.

Warusi walileta pia jina la kati linalotokana na la baba, lenye *-ovich* kwa mwanamume na *-ovna* kwa mwanamke. Rais wa kwanza wa Uzbekistan aliandikwa rasmi Islom Abdug'aniyevich Karimov: Islom, mwana wa Abdug'ani, wa ukoo wa Karim. Aliyemfuata mwaka 2016, Shavkat Mirziyoyev, jina lake la ukoo linatokana na Mirziyo, ambamo *mir* ni kifupi cha amiri na *ziyo* ni nuru.

Si kila mtu aliupokea mkia huo kwa moyo mmoja. Waandishi wa kizazi cha mwanzo wa karne ya 20 walitia saini kwa njia zao. Abdulla Qodiriy, mwandishi wa riwaya *O'tkan kunlar*, alitumia *-iy* ya wasomi wa kale juu ya jina la baba yake, Qodir. Mshairi Abdulhamid Sulaymon o'g'li alijiita Cho'lpon, nyota ya asubuhi. Wote wawili waliuawa Oktoba 4, 1938, siku moja, katika wimbi la mauaji ya enzi ya Stalin. Mwenzao mdogo aliyenusurika, Muso Toshmuhammad o'g'li, alijulikana kwa jina la kalamu la Oybek.

Enzi hiyo ilileta pia majina yake ya itikadi. Katika Asia ya Kati walizaliwa watoto walioitwa Marlen, kwa kuunganisha Marx na Lenin, na Mels, kwa herufi za kwanza za Marx, Engels, Lenin na Stalin. Wasichana wengine waliitwa Inqilob, mapinduzi.

Maandishi yalivuruga mambo zaidi. Kiuzbeki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kikahamishiwa za Kilatini mwaka 1929, kisha za Kirusi mwaka 1940, na sheria ya 1993 ikakirudisha kwenye Kilatini. Jina lililopitia Kirusi hutoka limechakaa. Bingwa wa sataranji wa mwaka 2004 huandikwa Rustam Kasimdzhanov katika magazeti ya dunia, na ni vigumu kuona ndani yake Qosimjon, yaani Kassim mpendwa. Ndivyo pia Husanov alivyogeuka Khusanov.

Baada ya uhuru wa 1991 mambo yalianza kurudi nyuma taratibu. Kwenye uwanja mmoja wa katikati ya Tashkent, palipokuwa na sanamu ya Karl Marx, ilisimamishwa mwaka 1993 sanamu ya Amir Temur. Katika vyeti vya kuzaliwa, *-ovich* na *-ovna* vikaanza kuachia nafasi *o'g'li* na *qizi*. Wapo wazazi wanaowaandikisha watoto bila *-ov*, au kwa *-iy* na *-zoda*, yaani mwana wa. Wengi zaidi wamebaki na mkia wa Kirusi, kwa kuwa umekwisha kuwa mali yao: umo katika hati za nyumba, vyeti vya shule na makaburi ya wazee.

Pamoja na hayo, desturi ya zamani haikufa hata chini ya Warusi. Familia nyingi humpa mtoto jina la ukoo linalotokana na babu yake, si lile la baba, hivyo baba na mwana waweza kubeba majina tofauti katika pasi zao. Afisa wa uwanja wa ndege anayewatilia shaka kwa sababu hiyo anapaswa kujua kwamba anatazama utaratibu wa kawaida wa nchi yao.

Majina ya hofu nayo yamepungua kadiri huduma za afya zilivyoboreka. Tursun na Sotvoldi husikika zaidi leo katika majina ya ukoo, Tursunov na Sotvoldiyev, kuliko kwa watoto wachanga.

Timu ya taifa ya Uzbekistan ilifuzu Kombe la Dunia la 2026, mara yake ya kwanza, na majina haya yanazidi kusikika redioni na kwenye televisheni. Msomaji atakayekutana nayo aanze kwa kuondoa *-ov*, *-yev* na *-ova*. Kisha aondoe *-jon*, *-bek* au *-boy*. Akikuta *o*, ajaribu kuweka *a*. Watangazaji wetu nao wafanye hivyo kabla ya mechi, wapate kuyatamka kwa haki yake: Shomurodov wa timu hiyo ni Shomurod, mfalme na muradi, na Abduqodir ni Abdulkadiri.